Mluzi Uliotoka Mfukoni Mwangu

Sijui kama aibu ya mzee huisha. Ya kijana huisha, maana kijana huhama mtaa, huoa, hunenepa, watu wakasahau. Lakini mimi nina miaka sabini na minne, sihami tena, na hapa Kinoo hata mama anayeniuzia sukuma wiki kando ya barabara aliniuliza juzi, huku akinikatia, kama ni kweli nilicheza mwomboko, dansi ya ujana wetu, peke yangu mbele ya watoto wa Hurlingham mpaka wakakimbia. Nikamwambia ni kweli. Basi afadhali nieleze mwenyewe kabla Mutiso hajaongeza chumvi zaidi (Mutiso ni jirani yangu, Mkamba, alikuwa karani wa serikali, na tangu astaafu kazi yake ni mimi).

Mambo yalianzia kwenye masikio. Nilifanya kazi kando ya kinu cha kusaga mahindi zaidi ya miaka thelathini, na kinu hakimuulizi mtu kama masikio yake yamechoka. La kushoto lilikufa polepole. La kulia likabaki na ngurumo na sauti nzito tu. Zile nyembamba, za ndege, za kengele, za sufuria ikichemka, zilihama moja moja bila kuniaga. Sikumwambia mtu. Nilijifunza kutikisa kichwa na kusema "sawa sawa," na la ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya maisha huenda vizuri tu kwa sawa sawa, hasa kanisani na kwenye mikutano ya maji.

Lakini si kwa binti yako. Wairimu ni mtoto wangu wa pekee, na sauti yake ni nyembamba kama ya mama yake. Alikuwa akinipigia simu kila wiki, nami nasikia mvumo tu kama wa nyuki ndani ya chupa, nasema sawa sawa, nakata. Nilikuja kujua baadaye kwamba siku moja alinipigia akilia, mambo yake yamemharibikia, akaeleza yote, nami nikamjibu sawa sawa, nikakata.

Na kuna lingine, kubwa zaidi, ambalo nilifanya nikiwa nasikia vizuri vya kutosha. Lazima kwanza niwaeleze kazi yake. Wairimu hupiga muziki, lakini si ule wa kwenye redio. Mwenzake hushika chombo halisi, cha mti na uzi, na yeye hukaa na kompyuta na visanduku vyake vyenye vifungo, ananasa sauti ya mwenzake papo hapo na kuirudisha ikiwa imenyooshwa, imekatwa, imepinduliwa, mwenzake naye anaijibu, hivyo hivyo, bila mtu kuandika wala kupanga kitu, na wimbo unaisha pale wote wanapohisi umeisha. Mama yake alipofariki, miaka minne iliyopita, Wairimu alikuja mazishini na spika ndogo. Alikuwa amemrekodi mama yake jikoni siku nyingi, akiosha vyombo, akiimba, akiwafukuza kuku, na alitaka ile sauti isikike kaburini kabla hatujaweka udongo. Mimi nikasimama mbele ya ukoo wote nikasema, "Hatuziki mtu na redio hapa." Watu wakacheka. Wairimu alikunja waya zake polepole, moja baada ya nyingine, na hakukanyaga Kinoo tena. Kileleshwa anakoishi si mbali. Ukipanda paa langu siku ya jua unaona maghorofa ya kule. (Nimepanda mara kadhaa, nikisingizia tangi la maji.)

Kwa hiyo mwezi ule aliponiandikia ujumbe kwenye simu, "Baba bado uko na kodiani? Nataka tupige pamoja," niliusoma mpaka simu ikazima taa yake, nikaiwasha, nikausoma tena. Kodiani, kinanda changu cha kuvuta, ilikuwa chini ya kitanda tangu mazishi. Ujanani ndiyo iliyonipa jina. Nilipiga mwomboko huku kwetu kote, wanaume na wanawake wawili wawili, hatua mbili na kuinama, hatua mbili na kuinama, nami nimeketi katikati nikiwaamuru wageuke. Mama Wairimu nilimpata hivyo. Niliamuru wanawake wageuke kulia, wote wakageuka isipokuwa mmoja, ambaye alisimama akaniuliza kama nimemwajiri.

Niliteremka mjini kesho yake. Ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na barabara ya Tom Mboya kuna kliniki ya masikio, na kijana mpole wa pale akanitilia kidude cha kusikia kwenye sikio la kulia, cha rangi ya ngozi, kidogo kama harage. Nilipotoka nje Nairobi ilinipigia kelele kama imenikosa miaka mingi. Nilisimama kando ya ukuta nikasikia viatu vya watu. Nilikuwa nimesahau kwamba viatu vina sauti.

Hapa mtaniuliza, kwa nini sikumwambia mtoto? Kwa sababu kumwonyesha kile kidude kulikuwa ni kukiri kwamba miaka yote ile nilikuwa namjibu bila kumsikia. Nilitaka nianze kusikia bila mtu kujua kwamba nilikuwa nimeacha. Nikanunua kofia ya sufu, nikaishusha mpaka kwenye masikio, nikaenda Kileleshwa kumtembelea kwake.

Alinipa chai. Tulikaa kama wageni wawili waliokutana kwa daktari. Kisha akaanza kunifundisha.

"Baba, hakuna kupanga. Ukikuja na wimbo umeuficha, umeharibu. Unasikiza kwanza, halafu unajibu."

"Na nikikosa la kujibu?"

"Nyamaza. Kunyamaza pia ni kupiga."

"Kwetu ukinyamaza watu wanarudi nyumbani."

Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu akiwa shule. Akanionyesha kwamba akiinua mkono nimwachie mwenzangu nafasi. Kisha akazungusha kikombe chake mezani.

"Katikati nitamweka Mama," akasema. "Ile sauti ya jikoni. Ile ulikataa."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Siwezi kukuwekea saa hii. Nataka uisikie mara ya kwanza hapo hapo, ukiwa umeshika kodiani. Vile utasikia, ndivyo utajibu. Ukiweza hiyo, Baba, mimi na wewe tumemaliza hii maneno."

Nilirudi Kinoo nikiwa siwezi kula. Watu hawakuambii kwamba sauti ndiyo hutangulia kupotea. Uso wa Mama Wairimu ninao, uko ukutani, uko kwenye kitambulisho chake ambacho sijaweza kukirudisha. Mwendo wake ninao. Lakini sauti, nikijaribu kuiita usiku, inanijia yangu mwenyewe ikisema maneno yake. Nilihesabu siku kama mtoto anayengoja Krismasi. Na kwa kuwa mimi ni mwoga (hili nalisema mwenyewe, msimsubiri Mutiso), nilificha wimbo. Kila jioni niliupiga pole pole ule mwomboko wa siku aliyokataa kugeuka, nisije nikakosa la kujibu.

Jumamosi yenyewe Mutiso alinipeleka kwa gari lake. Pahali penyewe ni nyumba ya zamani nyuma ya maofisi ya Hurlingham, sebule kubwa imeondolewa viti, watoto wa watu wamekaa sakafuni juu ya mito, kama arobaini hivi, kimya kama kwenye mtihani. Mutiso alitafuta kiti, akapewa ndoo iliyopinduliwa, akakaa nayo mbele kabisa.

"Baba Wairimu," akaninong'oneza, "hapa hakuna hata soda."

Alianza msichana anayeitwa Achieng, anapiga orutu, ule uzi mmoja wa Waluo unaosuguliwa kwa upinde. Alisugua kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Wairimu akaunasa mlango ule, akaurudisha ukiwa mrefu, mzito, Achieng akaujibu kwa mguno mdogo, na mimi nikiwa nimekaa pale pembeni, kidude sikioni chini ya kofia, nilisikia yote. Sitadanganya kwamba ni muziki niliouelewa. Lakini kulikuwa na wakati kinu chetu kilipolegea mkanda jioni, kikizunguka bila mahindi, kikawa kinaimba peke yake, na nilikuwa nikisimama kusikiliza kabla ya kukizima. Ilikuwa kama hivyo. Niliwaza, kumbe mtoto huyu alilijua lile, na nani alimpa kama si mimi? Nilitamani niwe nimemuuliza miaka ile yote.

Kisha ikawa zamu yangu. Wairimu akaja na maikrofoni ndogo yenye waya mrefu, akaibana kwenye mfuko wa shati langu, mfuko wa kifua. Akaniangalia.

"Toa kofia, Baba. Ni moto humu, na unakaa umejificha."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema, "Mwanangu, nina kidude sikioni." Maneno manne. Alikuwa amegeuka kuchukua kitu mezani, na katika nafasi ile ndogo nilichomoa kidude kutoka sikioni pamoja na kofia, kofia nikampa, kidude nikakitumbukiza kwenye mfuko wa shati. Bila kukizima. (Kijana wa kliniki alinieleza waziwazi kwamba kidude kikiachwa kimefunikwa bila kuzimwa hupiga mluzi. Lakini mluzi ni sauti nyembamba, na sauti nyembamba mimi nilikuwa nimeagana nazo, kwa hiyo ushauri ule niliuchukulia kama habari za nchi nyingine.)

Chumba kikawa kama kimeingia maji. Nilimwona Wairimu akirudi mezani kwake, akanitikisia kichwa. Nikamtikisia. Midomo ya Achieng ilikuwa imekazana, upinde unakwenda, mimi sisikii kitu. Nasikiza kwanza halafu najibu, ndiyo, lakini nasikiza nini? Nikasubiri. Nikafanya kile alichonikataza Wairimu: vidole vikaenda vyenyewe kwenye ule wimbo niliouficha.

Yafuatayo nitayaeleza nilivyoyaona, kisha mjue kwamba nilivyoyaona sivyo yalivyokuwa.

Niliona vijana wakiinua vichwa. Vizuri, nikasema moyoni. Nikaona msichana mmoja amefumba macho na kukunja uso, nikadhani ameguswa. Wairimu alikuwa ameinama juu ya visanduku vyake, mikono inakimbia huku na huku, anachomoa hiki anachomeka kile, nami nikajivunia, nikasema leo mzee anamkimbiza. Nikavuta kodiani kwa nguvu zaidi. Mutiso pale kwenye ndoo alikuwa akijigonga kifuani kwa vidole viwili, akinikazia macho, anajigonga, anajigonga, na mimi nikaelewa kwamba ananiambia nipige kwa moyo. Nikapiga kwa moyo. Wairimu akainua mkono. Ule mkono niliujua, ni wa kumwachia mwenzako nafasi, na ninakiri kwamba niliujua, lakini nilikuwa nimeanza kumwona Mama Wairimu katikati ya uwanja amesimama ameshika kiuno, na sikuwa tayari kumwachia mtu.

Ndipo watu watatu wakasimama, mikono masikioni. Kisha wawili tena. Katika maisha yangu yote ya kodiani, watu wakisimama maana yake ni moja. Nami nikasimama. Nikawaita kwa sauti ya uwanjani, "Wawili wawili! Wanawake kulia!" Wale watatu wakaenda mlangoni. Nikadhani hawajui hatua, ni watoto wa mjini, nikaona niwaonyeshe: hatua mbili na kuinama, hatua mbili na kuinama, kisha nikageuka, na waya wa maikrofoni ukanizunguka tumboni, nikageuka tena, ukanizunguka mara ya pili, na kisanduku kimoja cha Wairimu kikaanza kutambaa juu ya meza kikinifuata. Achieng alikidaka magotini.

Wairimu akaja. Akaweka kiganja chake kwenye mapafu ya kodiani, pale inapojikunja, nami nikahisi hewa inaisha. Akaniuliza kitu. Nikatikisa kichwa nikamwambia, "Asante. Hata mimi nimefurahi sana."

Mutiso amenieleza baadaye kwamba alichouliza ni, "Baba, ni nini hiyo iko kwa mfuko?" Na kwamba chumba kizima, walioketi na waliokuwa mlangoni, waliangua kicheko, na kwamba kijana mmoja alisema, "Guka ameweza" (guka kwetu ni babu), lakini hilo la mwisho nashuku Mutiso amelitunga kunifariji.

Nilichoona ni Mutiso anainuka kutoka kwenye ndoo, anakuja taratibu kama mtu anayekwenda kutoa sadaka, anaingiza vidole viwili mfukoni mwangu, anakitoa kile kidude, anakiweka kwenye kiganja changu mbele ya watu wote. Kilikuwa kidogo mno kwa yale kiliyonifanyia. Nikakiinua, nikakiweka sikioni mahali pake, na dunia ikarudi ikiwa inacheka, na mluzi ukanyamaza.

Kwa sababu ulikuwa mluzi. Kidude kililia ndani ya mfuko, maikrofoni ikiwa imebanwa juu yake hasa, mashine ya Wairimu ikaunasa kama inavyonasa kila kitu, ikaurudisha mara nne, mara nane, mluzi juu ya mluzi, wakati mimi nawaamuru wanawake wageuke kulia.

Wairimu hakuwa anacheka. Alikuwa akiangalia sikio langu.

"Tangu lini?" akasema.

"Hiki ni cha mwezi huu."

"Sijauliza hicho, Baba. Hukuwa unasikia tangu lini?"

"Miaka," nikasema. "Hata kwenye simu. Nilikuwa nasema sawa sawa tu."

Kicheko kilikwisha chenyewe, kutoka mbele kwenda nyuma. Nikamwuliza, "Mama yako umemweka?"

"Alikuja ukianza kucheza," akasema. "Nilikuinulia mkono."

Nilimwomba aiweke tena. Mbele ya watu, nimefungwa waya tumboni, nikamwomba mtoto wangu. Akanizungusha pole pole kunitoa ndani ya ule waya, kama alivyokuwa akifanya mama yake na sweta zangu, akasema, "Si leo. Hii ya leo imeshapita." Akarudi mezani, akakaa, na yeye na Achieng wakaendelea kutoka pale pale palipoharibika. Mimi nilitoka nikaketi kwenye ngazi ya nyuma na kodiani mapajani. Nilisikia yote kupitia mlangoni. Walifanya ukimya mrefu sana mwishoni, na nilijua nafasi ile ilikuwa ya nani.

Jioni, watu wakitawanyika, alitusindikiza mpaka getini. Barabara ya Argwings Kodhek ilikuwa imefurika magari, honi, pikipiki, na kile kidude hakijui kuchagua, humletea mtu yote pamoja. Nikiwa naingia garini, Wairimu alisema kitu. Niliona midomo tu. Nikatikisa kichwa, nikamwambia sawa sawa, nikafunga mlango.

Mutiso aliwasha gari. "Amesema nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Sasa sawa sawa ilikuwa ya nini?"

Gari lilikuwa limeanza kusogea. Nikamwambia asimamishe, akalalamika kuhusu walio nyuma, nikafungua mlango hivyo hivyo, nikarudi getini kwa miguu yangu hii huku dereva mmoja akiniuliza kwa honi kama nimechoka kuishi. Wairimu alikuwa bado amesimama pale.

"Wairimu," nikamwambia, "sikusikia ulichosema."

Akasogea upande wangu wa kulia, karibu, akasema bila kupaza sauti, "Nimesema nitakuja Kinoo Jumapili ya wiki ijayo, si hii ya kesho. Nitakuja na mashine. Usialike mtu, na usipike, nitapika mimi jikoni kwa Mama."

Nikarudia yote, neno kwa neno, ili aone kwamba nimeyapata.

Leo ni Ijumaa, na Jumapili yenyewe ndiyo hii inayokuja. Nimefagia jiko mara mbili. Kodiani sitaigusa kabla hajafika, na wimbo sijaficha wowote. Nimeapa mambo mengi maishani na mengi nimeyavunja, lakini hili nimeanza kulishika: mtu akisema nami sikusikia, namwambia sikusikia, arudie. Mama wa sukuma wiki nimemrudisha mara tatu kwenye swali lile la mwomboko. Mara ya tatu alipaza sauti mpaka kituo kizima cha basi kikageuka kuniangalia, nami nikamjibu.